UZI: Unahama Windows na laptopu ya mtumba? Chagua Linux kwa mashine yako na bando lako

Fundi_Wandegeya (mleta uzi)

Wadau, salamu kutoka Kampala.

Swali hili naletewa mezani karibu kila siku: "Fundi, Windows 10 yangu inasema haipati tena masasisho. Niweke Linux gani?" Microsoft ilifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa tazama laptopu za mtumba zilizojaa mjini: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, ThinkPad T460. Zote hizo ni kizazi cha 6. Mtu ana i5, ana RAM ya GB 8, ana SSD, kibodi iko imara, halafu anaambiwa mashine yake imepitwa na wakati. Haijapitwa. Hiyo bado itamfanyia kazi miaka mingi.

Ukitafuta jibu mtandaoni unakutana na orodha ndefu za distro (aina mbalimbali za Linux), kila moja imesifiwa kuliko mwenzake, na nyingi zimeandikwa na watu ambao hawajui kununua bando ni nini. Hapa Uganda tunanunua bando, na tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo naweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo: angalia mashine uliyonayo, bando unalolipia, na mtu wa karibu atakayekusaidia ukikwama. Hayo matatu ndiyo yachague distro. Sura nzuri na umaarufu vije baadaye. Kwa wengi mnaohama na mashine za namna hiyo, jibu langu ni Linux Mint. Wako pia wasiopaswa kuhama kabisa, nitawafikia.

Wingi wa majina usikutishe, maana nyingi ni za ukoo mmoja. Debian ilianza 1993. Ubuntu ya Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, ilitoka Oktoba 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian. Mint ikafuata 2006, imejengwa juu ya Ubuntu. Zorin nayo ni ya humo humo. Ukijua kutumia apt, amri ya kuweka na kusasisha programu, kwenye moja, umejua kwenye zote. Fedora ni ukoo mwingine, yenyewe hutumia dnf. Arch ni ukoo wa tatu, hutumia pacman. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni ileile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Ukianza na Mint leo na mwakani ukatamani Debian, yote uliyojifunza unahama nayo.

Tofauti inayogusa mfuko ni mwendo wa masasisho. Ubuntu 24.04 ni toleo la LTS, linahudumiwa miaka mitano, mpaka 2029. Mint za mfululizo wa 22 zimesimama juu yake, nazo zinafika 2029. Muda wote huo unachopokea zaidi ni viraka vya usalama na kivinjari kipya. Fedora hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na kila toleo huhudumiwa miezi 13 tu, maana yake angalau mara moja kwa mwaka unapakua karibu mfumo mzima. Arch haina matoleo kabisa: programu mpya zinamiminika kila siku, na ukikaa miezi bila kusasisha unakuja kukuta mzigo wa GB kadhaa, tena huenda kitu kikagoma katikati. Kwa mtu wa bando la wiki hilo ni tatizo kubwa, na sijaona likiandikwa vya kutosha.

Hata ndani ya Mint kuna kitu cha kuangalia. Programu nyingi zinapatikana kwa njia mbili: pakeji ya kawaida ya apt, au Flatpak. Pakeji ya apt hutumia vitu ambavyo tayari viko kwenye mfumo. Flatpak huja na msingi wake, na ile ya kwanza kabisa inaweza kukuvutia mamia ya MB kwa programu ndogo tu ya kusikilizia muziki. Unapofungua duka la programu, tazama umechagua ipi kabla ya kubonyeza. Kwa Ubuntu kuna Snap, na Firefox yenyewe huja kwa njia hiyo. Snap hujisasisha bila kukuuliza, na bando linayeyuka hujui limeenda wapi. Amri ya kuzuia ni hii:

sudo snap refresh --hold

Siku ukipata Wi-Fi ya bure unaweka --unhold, unasasisha zote kwa mkupuo. Mint imeizima Snap tangu toleo la 20, na hiyo ni sababu moja kubwa ya mimi kuipendekeza.

Sasa mashine. Ukishawasha Linux kwa flashi (naeleza hapo chini), fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika free -h, uone RAM halisi. Mint huja na sura tofauti za desktopu. Ukiwa na GB 8, Mint Cinnamon itakimbia vizuri, na anayetoka Windows atakuta menyu kona ileile ya chini kushoto aliyoizoea. Ukiwa na GB 4, chukua Mint Xfce, iliyo nyepesi zaidi. Mint wenyewe wanasema GB 2 inatosha kuwasha, lakini kinachomaliza RAM siku hizi ni kivinjari, na kwenye GB 2 ukifungua kurasa tano utaumia bila kujali distro. Kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, pesa ya kwanza itoe kwa SSD. Hakuna distro itakayokupa mabadiliko kama hayo.

Kabla hujafuta chochote, ijaribu kutoka kwenye flashi. ISO (faili la kusakinishia) ya Mint ni kama GB 3, ya Ubuntu inakaribia 6. Iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, washa mashine kutoka kwenye flashi, na mfumo utafunguka bila kugusa diski yako. Hapo usicheze na picha za ukutani. Unganisha Wi-Fi. Cheza wimbo, chomeka spika za masikio. Washa kamera. Punguza mwanga wa skrini. Funga kifuniko, subiri kidogo, fungua, uone kama inaamka. Ikipita yote hayo, umeshapata distro yako, acha kutafuta nyingine.

Wi-Fi ndiyo inayosumbua zaidi, na shida huwa ni kadi yenyewe. Andika:

lspci -k

Shuka mpaka kwenye mstari wa Network controller. Ukiona Intel, tulia. Ukiona Broadcom, mara nyingi utahitaji draiva ya ziada. Chini yake kuna mstari wa Kernel driver in use. Kama haupo, ndiyo maana hakuna Wi-Fi. Hapo chukua simu yako, ichomeke kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama mtandao wa kawaida wa waya. Kisha fungua Driver Manager ya Mint, chagua draiva, subiri, washa upya. Watu wanarudisha laptopu dukani kwa jambo ambalo waya wa kuchajia simu ungelimaliza.

Leteni maswali. Semeni mashine yenu ni gani na mnaifanyia kazi gani, tusijadili hewani.

Mwanachuo_Mak

Kaka, asante kwa uzi. Mimi nasoma IT mwaka wa kwanza, nina ThinkPad T460 ya GB 8. Darasani karibu wote wanaweka Kali. Nami niweke Kali, au nitaonekana mshamba na Mint?

Fundi_Wandegeya

Mdogo wangu, usiweke Kali kama mfumo wako wa kila siku. Kali imetengenezwa kwa kazi moja, kupima usalama wa mifumo, na wenyewe walioitengeneza wameandika kwamba haimfai mtu anayeanza Linux. Imejengwa juu ya tawi la Debian la majaribio, masasisho yake ni mengi, na siku ya kuwasilisha kazi ya darasani hutaki kukuta kitu kimegoma. Weka Mint au Ubuntu, jifunze terminali vizuri, halafu Kali iweke ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. GB 8 inatosha kuipa GB 2 ya kujifunzia. Vifaa vingi unavyoviona kwenye video, nmap na Wireshark kwa mfano, viko pia kwenye hazina ya Ubuntu. Unaviweka kwa apt kama programu nyingine yoyote.

Na ISO pakulia chuoni. Una eduroam, Wi-Fi ya vyuo inayoendeshwa na RENU (mtandao wa vyuo na utafiti Uganda), usitumie bando lako. Ukishapakua, wagawie wenzako flashi. Kunakili Linux ni halali kabisa, leseni yenyewe inaruhusu. Naona vijana wanalipa pesa kuwekewa Windows iliyovunjwa ufunguo, na ndani yake hawajui kumejificha nini. Naomba sana hilo tuliache.

Pacman_Ntinda

Mkuu nakuheshimu lakini umeionea Arch. Natumia Arch, sijaona shida, na nimeielewa Linux kuliko wote walioanza na Mint. Mtu akianza kwa rahisi atabaki kwa rahisi.

Fundi_Wandegeya

Ndugu, Arch siichukii, na Arch Wiki, kurasa zao za maelezo, ndiyo naisoma hata ninaporekebisha Debian. Lakini tazama nani anauliza hapa: mwenye duka, mwalimu, mwanafunzi anayetaka kuandika ripoti. Anayeandika ripoti hana deni la kuielewa kerneli kwanza. Wewe una intaneti ya kudumu na unapenda kuchimba, Arch inakufaa na uendelee nayo. Anayesasisha mara moja kwa mwezi kwa hotspoti ya simu, tena umeme unakatika, haimfai.

Hapo kwenye umeme niseme neno. Masasisho yakikatikia njiani, kwenye ukoo wa Debian dawa huwa ni mistari hii miwili:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Nimeona mashine nyingi zikiamka kwa hiyo. Na kwenye Mint washa Timeshift siku ya kwanza kabisa. Inatunza hali ya mfumo ili ukiharibika urudi nyuma. Ila kwa kawaida Timeshift haigusi faili zako binafsi, hizo zitafutie diski ya nje.

Pacman_Ntinda

Sawa, hapo kwenye hotspoti nimekuelewa. Lakini Zorin je? Kwa anayetoka Windows naona ni nzuri kuliko Mint kwa sura.

Fundi_Wandegeya

Zorin ni nzuri, sina ugomvi nayo. Zorin OS 18 ilitoka siku ileile Windows 10 ilipofungwa, na msingi wake ni Ubuntu 24.04. Kwenye GB 8 mtu akiipenda aweke. Kwenye GB 4 nabaki na Mint Xfce.

Mchapaji_Nasser

Ssebo, mimi niko Nasser Road. Kadi za harusi, mabango, vitabu vya risiti. CorelDRAW na Photoshop kutwa nzima. Nimechoka na virusi vya flashi za wateja. Nihame?

Fundi_Wandegeya

Usihame, mzee wangu. Nasema hivyo nikiwa mpenzi wa Linux. CorelDRAW haina toleo la Linux, Photoshop pia haina. Kuna Inkscape, GIMP na Scribus, ni programu nzuri na watu wanazichapia kazi, lakini faili zako za miaka yote ni za Corel, na mteja anakuletea faili ya Corel saa kumi jioni akitaka kazi kesho asubuhi. Huwezi kujifunza upya huku wateja wamepanga foleni.

Kwa virusi, fanya hivi: tafuta laptopu moja ya zamani, iwekee Mint, iwe ya kupokelea flashi. Virusi vya Windows vinavyojificha kwenye flashi havijiendeshi humo. Funua flashi hapo, chukua ile faili ya mteja peke yake, uipeleke kwenye mashine ya kazi. Zile faili za ajabu za .lnk na .exe utaziona wazi zimekaa, unazifuta. Na huku Inkscape unaijaribu taratibu kwenye kazi zako mwenyewe.

Mpakani_Busia

Fundi, habari za huko. Mimi ni ajenti wa kutoa mizigo hapa Busia. Ofisi ina mashine nne, zote Windows 10. Hesabu ziko kwenye Tally, na kuna fomu za Excel zenye makro nyingi. Barua na PDF ni kila siku. Bosi anataka kuokoa pesa zote za leseni kwa mpigo.

Fundi_Wandegeya

Mwambie bosi asihamishe zote nne. Tally ni ya Windows, iacheni mahali pake kwenye mashine yenye kizazi cha 8 au zaidi, au mnunue moja tu kwa ajili hiyo. Fomu za Excel zenye makro nazo zibaki hapo, kwa sababu makro za Excel kwenye LibreOffice, programu za ofisi za Linux, mara zinakubali mara zinakataa, na fomu ya serikali ikikataa saa za mwisho hakuna wa kukusamehe. Mfumo wa forodha nao ujaribu kwanza mpaka mwisho, kuingia, kujaza na kuchapisha, kabla ya kuhamisha mashine inayoutumia.

Zile za barua, PDF, barua pepe na tovuti zihamieni Mint bila wasiwasi. Malalamiko ya kwanza mtakayoyasikia ni kwamba barua imefunguka lakini mistari imesogea. Sababu huwa ni fonti. Calibri na Cambria ni za Microsoft, hazimo kwenye Linux. Hakikisheni zimo Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule, na mistari itarudi mahali pake:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Printa pia mjaribu kwa flashi kabla hamjafuta kitu.

Dada_Mbarara

Samahani kaka, mimi nataka kubaki na Windows na Linux kwenye laptopu moja mpaka nizoee. Nimesikia mtu alipoteza kila kitu.

Fundi_Wandegeya

Inawezekana dada, ila fuata mpangilio. Nakala ya faili zako kwenye diski ya nje kwanza. Pili, ndani ya Windows angalia kama BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, imewashwa. Laptopu nyingi mpya huja nayo bila mwenyewe kujua. Kama imewashwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, la sivyo siku Windows itakapouomba utafungiwa nje ya faili zako mwenyewe. Tatu, zima Fast Startup, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows haizimiki kikamilifu na Linux itakataa kuandika kwenye diski yake. Nne, punguza nafasi ya diski ukiwa ndani ya Windows kwa kutumia Disk Management, uache kama GB 50 tupu, ndipo uwashe flashi. Kisakinishi cha Mint kitakupa chaguo la kuweka kando ya Windows. Ukikuta hakioni Windows kabisa, simama hapo hapo, usibonyeze linalofuata, uniandikie.

Mwalimu_Arua

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Arua. Maabara ina kompyuta za mezani, RAM ni GB 2 kila moja, zina Windows 7 ya biti 32. Intaneti tunatumia modemu moja ya shule. Nimeambiwa distro za biti 32 zimekwisha, basi tuzitupe?

Fundi_Wandegeya

Mwalimu, msitupe hata moja! Ni kweli Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Lakini Windows kuwa ya biti 32 haimaanishi prosesa ni ya biti 32. Zamani mashine zenye RAM ndogo ziliwekewa mfumo wa biti 32 kwa makusudi. Washa moja kwa flashi ya Linux yoyote, hata ya zamani, andika lscpu, na uangalie mstari wa pili. Ukisema 32-bit, 64-bit, mko salama. Core 2 Duo zote ziko hivyo. Niambie ulichokiona.

Kama mtihani wenu wa vitendo mnaufanyia kwenye Microsoft Access, bakizeni mashine chache kwa hilo. Uandishi, hesabu na slaidi LibreOffice inamudu.

Mwalimu_Arua

Nimejaribu kwenye mashine mbili. Zote zinasema 32-bit, 64-bit. Jina ni Pentium Dual-Core E5700.

Fundi_Wandegeya

Safi sana. Basi wekeni Debian 13 yenye desktopu ya LXQt, ni nyepesi kuliko Cinnamon kwa mbali. Mkipata RAM ya mtumba ya kufikisha GB 4, ongezeni, zinapatikana kwa bei ya chini.

Kwa ile modemu moja, kuna kitu kitawaokoa. Chagueni mashine moja yenye diski kubwa, iwekeeni apt-cacher-ng. Nyingine zote zielekezeni kwake, mlango wa 3142, kwa kuandika faili moja kwenye /etc/apt/apt.conf.d yenye mstari huu, mkiweka anwani ya hiyo mashine yenu:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Kompyuta ya kwanza ikisasisha, pakeji zinapitia hapo na zinatunzwa. Ya pili hadi ya mwisho zinachukua humo humo maabarani kwa waya, modemu haiguswi kwa pakeji zilezile. Masasisho ya maabara nzima yanakula data karibu sawa na ya mashine moja. Waonyesheni wanafunzi wa juu jinsi inavyofanya kazi, hilo ni somo zima la mitandao.

Mwalimu_Arua

Mungu akubariki fundi. ISO yenyewe ndiyo shida sasa, na huku spidi unaijua.

Fundi_Wandegeya

Usipakue. Nitaandika Debian 13 kwenye flashi mbili, moja ya akiba, nizitume kwa basi la Arua. Niandikie pembeni jina la kampuni ya basi mnayoiamini na anayepokea. Kabla ya kusakinisha angalieni tu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka) kama mashine zinakubali kuwaka kwa USB. Zikikataa, nijulishe mapema niwachomee kwenye DVD.